Mkono wa Kushoto wa Sweta

Dar es Salaam
14 Juni 1998

Mdogo wangu Winfrida,

Naandika nikiwa nimefungua dirisha, upepo unaingia, na watu wa Dar wanapita chini wamevaa makoti eti ni baridi. Nawatazama nacheka peke yangu. Ningewaleta huko Kilema mwezi wa saba wakaoge maji ya mfereji alfajiri kabla ya kwenda shule, ndipo tungezungumza habari za baridi.

Nina jambo la kukusimulia. Kiwandani wameleta mashine mpya za kufuma, zinaendeshwa na kompyuta. Wewe uliyeizoea mashine ya mama, ile ya kusukuma kwenda na kurudi, ukiiona hii utatafuta kiti ukae. Hakuna anayesukuma kitu. Mtaalamu anakaa ofisini, anachora sweta kwenye kioo kama cha televisheni, mchoro unaingia kwenye diski, diski inatiwa kwenye mashine, na vipande vinaanza kudondoka kapuni: mbele, nyuma, mkono, mkono. Mimi niliyefuma miaka yote hii, sasa kazi yangu ni kuangalia uzi usikatike. Zamani chumba kile kilijaa wafumaji na tulikuwa tunaimba. Tumebaki wachache, na hata ukiimba mashine inakufunika.

Basi nikamkumbuka mama. Nimekumbuka zile jioni za masika, yeye anasukuma, wewe umeshika uzi, mimi nakunja mabonge ya uzi huku nasinzia na jikoni kunanukia ndizi. Naomba unitumie sweta moja ya shule yetu aliyofuma yeye, ile rangi ya damu ya mzee yenye mistari miwili ya njano shingoni. Chagua iliyo nzuri kuliko zote. Mpe Primus, yule kondakta wa basi la Himo, ataniletea mkononi.

Usiniulize ya nini. Nitumie tu.

Kaka yako,
Sylvanus

*

Kilema
28 Juni 1998

Kaka Sylvanus, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama palepale parokiani nilipoichukua, mara ya pili nimekaa jikoni nangoja mtori uive. Kumbe nyumba hii unaikumbuka. Tangu tumzike mama hujapanda kilima hiki, Krismasi tatu sasa. Watu wote wa Kilema wanarudi Desemba, hata wa Mwanza, hata wale ambao gari lenyewe wameliazima na tunajua. Mbege yako, ile pombe ya ndizi ninayokupikia, nawapa majirani, nao wanaimaliza bila kukuulizia.

Haya, leo sigombi. Umenigusa kwa hizo habari za jioni za masika.

Mashine ya mama bado nzima. Nasukuma kwa mkono wa kulia, na huu wa kushoto, huu mfupi niliozaliwa nao, unashika uzi usilegee. Mama alikuwa akisema mkono huu uliumbwa kwa kazi hiyo hasa, nami nilimwamini mpaka nikawa mtu mzima. Kahawa haina bei, kila siku anakuja mnunuzi mpya na mzani wake. Mitumba ya pale soko la Memorial, Moshi, imeniharibia biashara ya kofia na masweta ya watoto wachanga. Kilichobaki ni masweta ya shule, maana shule haiwezi kuvaa mitumba, kila shule na rangi yake. Shule ndiyo inayoifanya mashine hii isikike. Siku ikiniacha, nitaifunika kitambaa niweke redio juu yake, iwe meza.

Sweta nimekuchagulia iliyokuwa sandukuni. Ni yangu mimi, ya darasa la saba. Mama mwenyewe alisema hakuna sweta iliyowahi kumuumiza kichwa kama hiyo, wala hajafuma iliyo bora kuishinda. Ifungue mwenyewe, kwa mikono yako. Usimpe mtu akufungulie.

Mdogo wako,
Winfrida

*

Dar es Salaam
19 Julai 1998

Mdogo wangu Winfrida,

Sweta imefika salama. Ni nzuri sana, mama alikuwa fundi. Kila aliyeiona hapa ameisifu.

Huku kazi zimeongezeka. Meneja anasema biashara huria imefungua milango na asiyekimbia atakanyagwa. Hizo mashine zinafuma usiku na mchana. Ukichukua kipande cha asubuhi ukakilinganisha na cha jioni huwezi kuvitofautisha, na sisi tulikuwa tukijua hii kaifuma fulani, ile kaifuma fulani, hata bila kuambiwa. Kuna mama mmoja mkono wake ulikuwa mzito, masweta yake yakisimama wima yenyewe. Ameachishwa kazi mwezi uliopita.

Nimekuwa nikiwaza. Ikitokea kazi ya huko imepungua, njoo Dar. Kuna chumba cha kuunganisha vipande, wanachukua akina mama. Nitakuombea nafasi. Dunia inabadilika na sisi wote tutalazimika kubadilika nayo.

Nisalimie majirani, hasa Mama Doris.

Kaka yako,
Sylvanus

*

Kilema
9 Agosti 1998

Kaka Sylvanus, shikamoo.

Umesema sweta ni nzuri sana. Basi? Ni hayo tu uliyoyaona?

Dar siji. Nani atampa ng'ombe majani, na kaburi la mama nani atalipalilia? Halafu hiyo kazi ya kuunganisha vipande vya mashine niache mashine yangu, hapana, asante.

Juzi nilipita ile njia yetu ya shule, pale kwenye kijito ambapo ulikuwa unanishika nisiteleze. Nikakumbuka ulivyokuwa ukitembea kushoto kwangu kila siku, asubuhi na mchana, mpaka watu wakadhani una kilema cha shingo maana ulizoea kutazama upande mmoja. Ulikuwa unauficha mkono wangu watoto wasiuone wakaanza kuniita Kikono. Waliniita hivyohivyo. Lakini nilikuwa nikisikia nusu tu, kwa sababu wewe ulikuwa unapiga mluzi kwa nguvu.

Sijui kwa nini nakuandikia hayo. Itazame tena ile sweta, kaka. Nangoja barua yako.

Winfrida

*

Kilema
4 Oktoba 1998

Kaka Sylvanus,

Barua yangu ya Agosti hukuijibu, lakini kiwanda chako kimenijibu.

Jumatatu iliyopita pikapu ilipanda kutoka Moshi ikashusha marobota pale shuleni. Masweta mapya kutoka Dar, kila moja kwenye nailoni yake, limekunjwa kama shati la dukani. Mwalimu Kornel, mwalimu mkuu wetu, alikuwa amewaita wazazi wote waje washuhudie maendeleo. Na kweli yalipendeza, kaka, siwezi kusema uongo. Rangi ileile, mistari miwili ya njano, kola imekaa vizuri kuliko zangu. Mama Doris alinitazama kwa huruma mpaka nikatamani kumpiga kofi.

Wakawavalisha watoto. Mkono wa kulia ukafika kwenye kiganja. Wa kushoto ukaishia juu, karibu na kiwiko. Mtoto wa kwanza wakasema kapewa mbovu. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Darasa la kwanza mpaka la saba, wakubwa kwa wadogo, mkono wa kushoto nje. Mwalimu Kornel akashika ule mkono wa sweta akauvuta kama anayekamua ng'ombe, haukuja. Mzee mmoja akauliza kama ndiyo fasheni ya Dar. Mama Doris alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Mimi nilikuwa nimesimama nje kwenye ua wa mimea ya masale, sikuwa nimetaka kuingia. Sikucheka. Niliutambua palepale. Ule ni mkono wangu.

Umesahau mama alivyokuwa akinipima? Kila Januari alichukua uzi, akapima mkono wa kulia, akakata, akapima wa kushoto, akakata, kwa sababu mmoja ulikuwa unakua na mwenzake unasitasita. Alikataa nivae sweta ya kawaida nikunje mkono. Alisema hataki nitembee kama mtu anayekwenda kupigana. Akapunguza vitanzi kidogo kidogo kuanzia begani, ili mkono ukae kama umezaliwa nao. Hiyo ndiyo sweta niliyokutumia.

Na nilijua, Sylvanus. Siku nilipokuandikia kwamba masweta ya shule bado ni yangu, Mwalimu Kornel alikuwa ameshanieleza kuwa kazi inakwenda kiwandani Dar, na nikajua ni kwenu. Uliponiomba sweta nikaelewa ni ya nini. Ningeweza kukutumia nyingine. Nilikutumia hiyo makusudi, nikasema, akiifungua atakutana na mkono wangu, naye ataona haya, au angalau ataniambia kitu. Nikangoja. Wewe hukuifungua. Kompyuta ndiyo iliyofungua, ikahesabu kila kitanzi cha mkono wangu, haikuongeza wala haikupunguza.

Mashine imenikumbuka kuliko wewe. Hilo limeniuma kuliko kazi niliyonyang'anywa.

Winfrida

*

Dar es Salaam
13 Oktoba 1998

Winfrida mdogo wangu,

Sina pa kujificha. Nililipokea furushi kwa Primus asubuhi, meneja ananisubiri, nikalipeleka ofisini na kamba zake. Niliyokuandikia kwamba ni nzuri sana niliyasema kwa kuwa najua kazi ya mama, sikuwa nimeitazama. Na nilijua ni shule yetu. Nilisema nikimwambia ataumia leo, nisipomwambia ataumia baadaye, nikachagua baadaye. Ulipoandika habari za njia ya shule nilishika kalamu siku nyingi, nikashindwa.

Jana nilimwendea mtaalamu nikamwuliza alivyofanya. Alifumua mishono ya mama, akatandaza vipande vinne mezani, akahesabu kimoja kimoja, akaviingiza kwenye kompyuta, nayo ikavikuza na kuvipunguza kwa kila saizi. Kwake kipande ni kipande. Anayeshona mkono wa kulia anakaa meza moja, anayeshona wa kushoto meza nyingine, anayekunja na kutia kwenye nailoni yuko chumba kingine na anakunja mikono kwa nyuma. Hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyeishika sweta nzima akaivalisha mtoto. Mimi nilikuwa naiona ile mikono ya kushoto ikidondoka kapuni, nikadhani ni ya watoto wa chekechea.

Kuna neno moja nataka uliamini. Sijawahi kuuona mkono wako kuwa mfupi. Nilikuwa upande ule siku zote, nimeuzoea, kwangu ndivyo mkono ulivyo. Labda hata ningelifungua lile furushi nisingeona kitu. Sijui kama hilo linanitetea au linanizidishia kosa.

Sasa meneja anasema mzigo ukirudishwa, aliyeleta ile sampuli ataondoka nao. Ni mimi. Mwalimu Kornel ameandika kwamba kuna mtu hapo Kilema anayeweza kurefusha mikono ile, wakipeleka uzi. Meneja amekubali kutuma uzi na kulipa ufundi. Sikumwambia kwamba mtu huyo ni dada yangu. Ni wewe wa kusema ndiyo au hapana. Ukisema hapana sitakulaumu.

Vipande vya sweta yako wamenirudishia. Vimebandikwa karatasi zenye namba. Nimevifunga kwenye kitenge.

Sylvanus

*

Kilema
25 Oktoba 1998

Kaka Sylvanus, shikamoo. Mwezi huu shikamoo hukuistahili, lakini mama angenikemea.

Hayo maneno yako kuhusu mkono wangu nimeyasoma mara nyingi kuliko yanavyostahili. Nimeyaamini. Wewe ni mvivu wa kuandika na mwoga wa kusema, lakini kwa neno kama hilo mwongo hukuwahi kuwa.

Nitarefusha. Si kwa ajili ya meneja wako. Watoto hawa wanapigwa na ukungu mkono mmoja, na wewe ukifukuzwa utakula nini? Waambie walete uzi wa rangi yenyewe, wasiniletee rangi inayokaribiana. Nitafumua pindo la mkononi, nidake vitanzi, niongeze, nirudishe pindo. Mama Doris atanisaidia kufumua, amekwisha kuomba msamaha kwa kucheka, akacheka tena hapohapo.

Sharti langu ni moja. Kazi hii haitaisha kabla ya Krismasi, nami nina mikono miwili tu, na mmoja unajua mwenyewe. Utakuja Desemba. Utakaa pale pale ulipokuwa unakaa, ukunje uzi. Na hivyo vipande vya sweta yangu uvilete mwenyewe, usimpe Primus.

Nakungoja.

Mdogo wako,
Winfrida

*

Kilema
17 Januari 1999

Kaka Sylvanus, shikamoo.

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Nimekuta mluzi wako bado uko masikioni mwangu, mchana kutwa, na ng'ombe ameanza kugeuka akisikia mtu anapita njiani. Mbege iliyobaki Mama Doris amesema hawezi kuiacha iharibike. Nilicheka nikikumbuka ulivyokuwa ukikunja uzi ukalala nao mkononi, mtu wa kompyuta, kama ulivyokuwa ukilala ukiwa darasa la pili.

Sweta ya mama nimeiunganisha. Karatasi zenye namba nimezibandua moja moja. Mishono yangu inaonekana pembeni ya kazi yake, lakini imekuwa sweta tena, nimeirudisha sandukuni.

Sasa nikueleze ya shule. Mikono yote nimeimaliza kabla hawajafungua. Jumatatu nilikwenda kuwaangalia mstarini, mikono imekaa sawa, kulia na kushoto, huwezi kujua ni ipi iliyotoka kwa mashine na ipi iliyoongezwa kwangu. Mwalimu Kornel amenishukuru mbele ya watu wote. Halafu akanieleza kwa upole kwamba masweta yataendelea kutoka Dar, kwa kuwa bei yao sisi wa mkono hatuiwezi, ila watoto ambao saizi za kiwanda zimewakataa, warefu kupita kiasi, wanene, wenye hiki na kile, atawaleta kwangu. Si wengi. Mashine sijaifunika kitambaa bado.

Hayo niliyategemea. Ambalo sikulitegemea ni hili. Nilipoona ile mikono yote imekaa sawa, nilihuzunika. Nilirudi nyumbani nimehuzunika na sikujua nimwambie nani, ndiyo nakuambia wewe.

Ni kwa sababu ya zile wiki za Oktoba. Kabla sijaanza kuyarekebisha, watoto waliendelea kuyavaa kwa ajili ya baridi. Nikawa napita shuleni, shule ileile nilikoitwa Kikono, na uwanja mzima mkono wa kushoto uko nje. Wanakimbia hivyo, wanacheza mpira hivyo. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Binti mdogo wa jirani yetu Esther, wa darasa la kwanza, alikuja akanishika huu mkono wangu akautazama na sweta yangu, akaniuliza, "Shangazi, kumbe hata wewe umenunua ya Dar?"

Nikamwambia ndiyo, ya Dar.

Kaka, nimefika umri huu na ile ilikuwa mara ya kwanza kupita pale bila kutazamwa. Na mimi kwa mikono yangu nimekaa mwezi mzima na zaidi nikiirekebisha.

Uliniambia Krismasi kwamba wamekwisha kuchora sweta nyingine kwenye kompyuta, na ile yangu imebaki kwenye diski. Wataifuta, najua. Kama inawezekana, usiwaache. Sina la kuifanyia. Napenda tu kujua kwamba iko mahali.

Mdogo wako,
Winfrida

*

Dar es Salaam
21 Februari 1999

Mdogo wangu Winfrida,

Barua yako ilinikuta nimechelewa. Diski ilifutwa siku ya kwanza tuliporudi kazini, meneja akasimama nyuma ya mtaalamu mpaka akahakikisha imekwisha. Niliuliza kama kuna mahali pengine inapobaki. Mtaalamu alisema hapana, ikifutwa imefutwa, mashine haina habari tena kwamba iliwahi kuifuma.

Nilikaa na jibu hilo wiki nzima. Halafu nikamwomba mlinzi wa stoo anifungulie. Wameweka huko mashine moja ya zamani ya kusukuma, wanangoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeipangusa, nimeitia mafuta, na uzi nimenunua mwenyewe dukani. Kila nikitoka zamu nilikuwa naingia humo. Mikono imesahau mambo mengi, kipande cha nyuma nimekifumua mara tatu. Jirani zangu wa kazi wakasikia ile sauti, kwenda na kurudi, wakaja wakasimama mlangoni, na mmoja akaanza kuimba.

Furushi hili anakuletea Primus, ila nimelifunga mwenyewe. Ni sweta ya mtu mzima, saizi yako ya sasa, rangi ya damu ya mzee, mistari miwili ya njano. Krismasi nilitaka kukupima nikaona haya. Kwa hiyo ule mkono sikuwa na kipimo chake, wala diski, wala vipande vya mama vya kuhesabu. Nilikaa tu pale kwenye mashine nikajiweka kushoto kwako, kama tunashuka kwenda shule, nikafuma mpaka pale ninapokumbuka mkono wako ukiishia kando ya wangu, nikaishia hapo.

Ivae. Kama haukukaa vizuri, usiurekebishe wewe. Nirudishie, nitaufumua mwenyewe nianze upya.

Kaka yako,
Sylvanus